Bwana misitu afundishwe kutazama juu

Mti unapokaguliwa ili uvunwe, macho ya bwana misitu huishia usawa wa kifua. Hapo ndipo tunapozungusha utepe kupima kipenyo na kuandika namba kwa rangi. Mti ukishalala, nyundo ya serikali hugongwa kwenye gogo na kwenye kisiki, kazi imekwisha. Nimeifanya kazi hiyo katika Usambara Mashariki na tambarare za Muheza hadi nilipostaafu, na ninaiheshimu. Lakini nina neno moja ambalo nimelisema kwenye vikao vingi bila kusikilizwa, na sasa nalileta gazetini: uhai wa tai, kozi, kipanga na bundi wa nchi hii umo mikononi mwa watu wa kazi yangu kuliko ulivyo mikononi mwa watafiti au askari wa mbuga, na watu hao hatujawafundisha kutazama juu ya ule mstari wa rangi.

Nianze na tai wa msituni, yule mwenye kishungi kichwani na mabaka meusi kifuani, ambaye sauti yake husikika juu ya msitu wa Amani asubuhi jua likishapanda. Huyu si mla mizoga. Huwinda kima, mbega, pimbi na paa wadogo, na jike lake huweza kupita kilo 4. Kiota chake ni rundo la matawi linaloweza kufikia upana wa mita 2, limewekwa kwenye panda ya mti mkubwa, mara nyingi karibu na kijito, na jozi ya tai hukirudia na kukiongezea matawi miaka nenda miaka rudi. Hutaga yai moja au mawili, lakini anayekua ni kinda mmoja tu. Mayai hulaliwa siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani karibu miezi minne, na hata akishajua kuruka huendelea kuletewa chakula na wazazi wake kwa miezi tisa hadi kumi na mmoja. Kwa hiyo jozi iliyobarikiwa hulea kinda mmoja kila baada ya miaka miwili. Ukiuangusha mti wake mwezi mbaya, umefuta kazi ya miaka miwili, na huenda ukawa umewafukuza wazazi kabisa, maana mti mwingine wa ukubwa ule huenda haupo tena katika bonde zima.

Na mti anaouchagua ni upi? Ni mrefu, mnene, ulionyooka, wenye taji lililoachana na miti mingine. Ndio huohuo mpasua mbao anaoulalia macho.

Nilipokuwa kazini niliitwa kwenye msitu mmoja wa kijiji baada ya mvule kuangushwa. Kibali kilikuwa halali na ada ilikuwa imelipwa. Kati ya matawi yaliyovunjika palikuwa na rundo la vijiti, vingine vikavu, vingine bado na majani mabichi, mafuvu madogo ya kima, na kinda mweupe aliye hai, bawa lake moja limevunjika. Kijana aliyeshika msumeno alikuwa amekaa kando, kainamisha kichwa. Aliniambia, “Mzee, nilimwona ndege mkubwa anazunguka juu yetu tangu asubuhi, anapiga kelele. Nikasema anawinda tu. Mimi hakuna aliyenifundisha kwamba ule ni mlio wa mwenye nyumba.” Kinda alikufa usiku ule. Niliipitia fomu ya upimaji mstari kwa mstari: aina ya mti, kipenyo, urefu, ujazo, kiasi cha mrabaha. Mahali pa kuandika kiota hapakuwepo.

Sikumlaumu kijana yule, wala sikumlaumu mwenzangu aliyetia saini. Ukitazama sheria utaona tatizo lilipolala. Mti ule ulikuwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na tai aliyekuwa juu yake alikuwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mti una ofisi yake na ndege ana ofisi yake, na ofisi ya ndege haipo msituni siku ya kukata. Anayekuwepo ni bwana misitu, mwenye kibali, mwenye msumeno na labda mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kati ya hao wanne, tukimfundisha hata mmoja, tai ana mtetezi.

Chuoni nilikosomea tulifundishwa mengi na kwa umakini: kutunza kitalu, kupogoa, kupunguza miti, kufyeka njia za kuzuia moto, kukadiria ujazo kwa macho. Ndege walipita kwenye orodha ya viumbe wa msituni, tukaiandika, tukaendelea. Vijana wanaoajiriwa sasa wananizidi kwa vifaa. Wanasoma picha za setilaiti na wanabeba ramani kwenye simu. Lakini ninapotembea nao msituni huwaona wakikanyaga alama ambazo zingewasimamisha kama wangekuwa wamefundishwa, na alama hizo hazihitaji kifaa chochote.

Ya kwanza ni kinyesi cheupe kama chokaa kwenye majani ya vichaka, kikiwa kimerundikana sehemu moja badala ya kutawanyika. Hapo simama, inua kichwa. Angalia chini tena: mifupa mizuri isiyotafunwa na fisi, fuvu la pimbi, mkono wa kima, manyoya marefu yenye mistari. Tawi bichi lenye majani likiwa juu ya rundo la vijiti vikavu, kiota kinatumika mwaka huu, maana tai hutandika majani mabichi kiotani. Sikiliza kima. Wana kelele ya kugombana na wana kelele ya hatari inayotoka angani, na mtu aliyekaa msituni miezi michache huzitofautisha. Kisha kuna mlio wa tai mwenyewe akipanda na kushuka hewani juu ya eneo lake. Haya yote mtu hujifunza kwa siku chache akiwa na mwalimu anayejua, na hayamtoki tena maishani.

Kuna pia suala la mti mkavu, nalo linaniumiza zaidi kwa sababu uharibifu wake hauonekani. Katika malezi ya msitu tulizoea kuuona mti uliokufa umesimama kuwa ni uchafu: unaleta wadudu, unaleta moto, basi upewe wanakijiji kwa kuni. Lakini bundi wengi hawajengi viota. Hutegemea tundu lililoachwa pale tawi lilipovunjika na mti ukaoza taratibu kwa miaka, au lililochimbwa na gogota. Ukiondoa kila mti mkavu umeondoa vyumba vyote. Usambara Mashariki tuna bundi mkubwa aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1908 na kupewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa Amani enzi za Wajerumani. Katika misitu yetu ya chini yumo pia bundi mdogo wa Sokoke, mwenye uzito wa gramu 50 hivi, ambaye nje ya hapa anajulikana tu katika pwani ya Kenya, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kumwona akiwa amelala mchana kwenye kichaka, na vijana wa Kilifi wanaojua kumtafuta hupata riziki kwa ujuzi huo. Upande wetu nimekutana na wapasua mbao waliokuwa wakimwona miaka yote wakidhani ni kinda wa bundi mwingine.

Huenda msomaji akasema haya ni ya Muheza tu. Januari 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha utafiti wa ndege wawindaji wa savana za Afrika, ambao Darcy Ogada, mtafiti wa muda mrefu nchini Kenya, ni mmoja wa waandishi wake. Walifuatilia spishi 42 na kukuta kwamba asilimia 88 zimepungua katika kipindi cha miaka 20 hadi 40. Wakubwa wamepungua kuliko wadogo, na hali ni mbaya zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Nje ya maeneo hayo ndiko yalipo mashamba yetu, misitu ya vijiji na misitu ya wilaya, yaani ndiko anakofanya kazi bwana misitu. Hakuna mgambo wa mbuga atakayefika huko.

Wenzetu wamefanyaje? Poland kuna tai wa kahawia wa ukubwa wa kati ambaye huzaliana katika misitu yao. Kiota chake kikijulikana, huwekwa eneo la ulinzi: mita 100 kuuzunguka mti hakukatwi kitu mwaka mzima, na mita 500 hakuna kazi ya msitu kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti. Tai mwingine mkubwa zaidi, mwenye mkia mweupe, huwekewa mita 200 kwa mwaka mzima. Kanuni kama hiyo haiwezi kutekelezwa ofisini. Inahitaji mtu anayetembea msituni kila siku, anayekijua kiota na anayejua la kufanya akikiona, na mtu huyo kule ni bwana misitu. Nawaomba wasomaji walitazame hili vizuri, maana tai yule wa kahawia ni mgeni wetu. Baridi ikianza kwao huondoka, huvuka Uturuki, Mashariki ya Kati na Misri, hupita Kenya na Tanzania akielekea kusini, na mvua zinapoanza utamwona miomboni akila kumbikumbi waliotoka ardhini. Mwenzangu wa Poland anazuia msumeno kwa ajili ya ndege ambaye nusu ya mwaka yuko huku kwetu. Tai wetu wa kishungi, ambaye haendi popote, hana hata mita moja.

Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, tai huyuhuyu wa kishungi hujenga hadi kwenye mikaratusi ya mashamba ya miti. Nimekumbuka hilo kila nilipopita kwenye misaji yetu ya Longuza. Shamba la miti si lazima liwe jangwa kwa ndege, ikiwa anayelisimamia anajua mti upi aukwepe na mwezi gani.

Hata hivyo bwana misitu mmoja hawezi kuwalinda ndege ambao kijiji kizima kinawachukia. Na chuki ipo, hasa kwa bundi. Akilia juu ya paa, watu huanza kumhesabu mgonjwa. Nimeona bundi akipigwa mawe na watu wazima, heshima zao kamili, wakitetemeka kwa hofu ya kweli. Siendi kuwaambia kwamba bibi zao walikuwa wajinga. Ninakwenda na mfuko wa vidonge.

Bundi hummeza panya mzimamzima, kisha hukitema kile asichoweza kumeng’enya: mifupa na manyoya, vimeshikamana kuwa kidonge kikavu cha kijivu, na hakina harufu mbaya. Chini ya dari za majengo ya zamani anakoishi bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo utavikuta vimejaa. Katika shule moja ya msingi huko Muheza, mwalimu aliniruhusu kuwagawia watoto kidonge kimoja kwa kila kundi, wakakichambua kwa miiba ya mchungwa juu ya karatasi. Kulikuwa kimya, kisha kelele zikaanza. Fuvu. Fuvu la pili. Meno marefu ya rangi ya chungwa. Binti mmoja akaja mbele na karatasi yake, “Babu, humu mna panya wanne. Ni wa usiku mmoja?” Nikamwambia mara nyingi ndivyo, na akiwa na makinda hula mamia kwa msimu. Mwalimu akaiandika hesabu ubaoni, kisha akawauliza wanafunzi ni nani nyumbani kwao panya walitoboa magunia mwaka ule. Mikono iliinuka karibu yote. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina watafiti mahiri wa panya wa mashambani, na mkulima wa Kilosa au Muheza hahitaji kuelezwa panya wanamfanya nini. Anachohitaji ni kuona kwa macho yake anayemsaidia, na kuelewa kwamba panya aliyekula sumu akiliwa na bundi humpa bundi sumu hiyo.

Wazazi wa watoto wale waliniuliza habari hizo wiki iliyofuata, msikitini na sokoni. Mtoto akishika fuvu la panya kwa mkono wake, habari hufika nyumbani kabla yake.

Kwa wafugaji wa kuku mambo ni tofauti, maana malalamiko yao ni ya haki. Mama mmoja alinisimamisha njiani: “Mzee, huyo ndege wako unayemsifu kanimalizia vifaranga. Watoto wangu nitawauzia nini nipate daftari?” Huyu hupaswi kumjibu kwa kifungu cha sheria. Tulikwenda naye uani, nikamwonyesha namna ya kuwafungia vifaranga kwenye tenga au kibanda cha wavu katika wiki zao za kwanza, ambazo ndizo za hatari zaidi. Wengine hupaka vifaranga rangi kali, na wanasema inasaidia. Kisha nikamweleza kwamba aliyekuwa akimchukulia ni mwewe mwenye mkia wa panda, wala si yule tai mkubwa wa msituni ambaye vijana wa kijiji walikuwa wamepanga kumfuata kwenye kiota chake. Ndege mmoja hulaumiwa kwa kosa la mwingine kwa sababu wote wanawekwa kwenye jina moja la “mwewe”. Kuwatenganisha kwa mkia, kwa ukubwa na kwa mahali wanapoonekana ni nusu ya ulinzi.

Sumu ya mizoga ni janga la upande mwingine wa nchi, kwa wafugaji wanaopakana na simba na fisi. Ng’ombe huuawa, mzoga hutiwa dawa ya wadudu, na wanaokufa kwa makundi ni tumbusi. Aina mbili tulizozizoea, wa mgongo mweupe na yule wa Rüppell, tangu mwaka 2015 zimo kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Hapa pia mtu aliyefundishwa hubadilisha matokeo: anayefika mapema na kujua kuuchoma mzoga bila kujidhuru huokoa ndege ambao bado wako angani.

Wanaosema watu hawabadiliki kwa elimu niwakumbushe Nagaland, jimbo la kaskazini mashariki mwa India. Kila Oktoba na Novemba kozi wadogo wa Amur, watokao Siberia na China, hutua kwa wingi karibu na bwawa la Doyang. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu makumi ya maelfu kwa ajili ya kitoweo na kuuza. Wangeweza kupelekewa polisi pekee. Badala yake mabaraza ya vijiji, makanisa, walimu, idara ya misitu na wahifadhi walikaa pamoja na wanavijiji wenyewe, watoto wakafundishwa ndege yule anatoka wapi na anakwenda wapi. Msimu uliofuata, mwaka 2013, hakuna kozi aliyeripotiwa kunaswa pale. Mwaka huohuo ndege watatu walifungwa vifaa vya kufuatilia safari na kupewa majina ya wenyeji: Naga, Wokha na Pangti. Wakavuka Bahari ya Hindi, wakaingia Afrika Mashariki na kuendelea kusini. Ndio kozi wanaoonekana Tsavo Novemba na Desemba, wakifuata mawingu ya mvua na kumbikumbi. Kijiji kilichowala mwaka mmoja kiliwalinda mwaka uliofuata, na sisi tumefaidika bila kujua.

Ninachoomba kwa hiyo kinaanza na vyuo vya misitu. Mwanafunzi asimalize kabla ya kukaa msituni angalau wiki moja akitafuta viota, akitofautisha milio, akichora ramani ya miti yenye matundu. Mtihani wake uwe wa msituni, chini ya mti. Fomu ya upimaji iongezewe mistari miwili, mmoja wa kiota na mmoja wa tundu, na ukijazwa, kibali cha mti huo kisimame hadi mtu mwenye ujuzi aende kuutazama. Wilaya inaweza kuichapa fomu hiyo bila kusubiri sheria mpya. Wapasua mbao wapewe somo lilelile siku wanapochukua leseni, kwa maana wao ndio wa mwisho kuuona mti ukiwa umesimama. Na bwana misitu apewe saa za kazi, siyo za hisani, za kwenda shuleni na kwenye redio za jamii, aandikiwe katika majukumu yake kama anavyoandikiwa doria.

Walimu wa mafunzo hayo wapo. Katika kila kijiji kinachopakana na msitu kuna mrina asali, mganga wa mitishamba au mwindaji wa zamani anayejua kila kiota kwa jina la kijito kilicho karibu. Mimi mwenyewe nilionyeshwa kiota changu cha kwanza cha tai wa kishungi na mrina asali ambaye hakuwahi kuingia darasani, na alinifundisha kumtambua jike kwa ukubwa wake akiwa bado mbali. Watu kama yeye wanazeeka, na ujuzi wao haujaandikwa popote. Waitwe vyuoni, waandikwe kwenye ratiba kama wakufunzi, na walipwe posho ileile anayolipwa mtaalamu anayetoka mjini.